Mchezo Uliohifadhi Safari Nzima Katika Silabi 20

Tarehe 27 Mei, 1986, kampuni ya Enix ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Dragon Quest, uliobuniwa na Yuji Horii kwa ajili ya mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo. Mchezaji huchukua nafasi ya shujaa anayesafiri katika nchi ya kubuni ili amshinde Mfalme wa Majoka. Mapigano huendeshwa kwa zamu: mchezaji huchagua kupiga, kutumia uchawi, kutumia kifaa au kukimbia, kisha adui naye hupata zamu yake. Kila ushindi humwongezea shujaa uzoefu na dhahabu. Safari hiyo huchukua saa nyingi, na aghalabu haimaliziki kwa siku moja. Je, mashine inayosahau kila kitu umeme unapozimwa itakumbukaje kesho mambo ya leo?

Kumbukumbu za aina mbili

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mchezo huu ulitegemea kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza, yenye baiti 65,536, ilikuwa ndani ya kaseti ya mchezo. Hiyo ilikuwa ya kusomwa tu, mithili ya kitabu kilichokwisha kupigwa chapa. Ya pili, yenye baiti 2,048, ilikuwa ndani ya mashine yenyewe, nayo ilifanana na ubao wa darasani: huandikwa na kufutwa wakati wote wa kazi. Umeme ukizimwa, ubao wote hufutika.

Kwa kuwa mashine haikuwa na mahali pa kuandika, kazi hiyo alipewa mchezaji. Alipotaka kupumzika, alimrudisha shujaa kwa mfalme, naye mfalme akampa "Maneno ya Ufufuo", yaani ishara 20 za mwandiko wa Kijapani uitwao hiragana. Mchezaji alizinakili katika karatasi, na siku ya pili akaziingiza tena moja baada ya moja. Katika mwandiko huo kila ishara huwakilisha silabi. Ishara hizo zilipangwa katika mafungu ya 5, 7, 5 na 3, kwa hiyo msomaji aliyezoea kuhesabu mizani ya shairi atatambua mara moja kwamba mpangilio huo ulisaidia kuyasoma na kuyanakili.

Hesabu yake

Biti ni kipimo kidogo kabisa cha habari: ama 0 ama 1. Biti 6 zaweza kupangwa kwa njia 2×2×2×2×2×2, yaani 64. Mchezo ulitumia ishara 64 tofauti; basi kila ishara ilibeba biti 6, na ishara 20 zilibeba biti 120. Biti hizo ziligawanywa hivi:

Jina la shujaa: 24
Uzoefu: 16
Dhahabu: 16
Vifaa vinane: 32
Dawa za majani na funguo: 8
Silaha, deraya na ngao: 8
Alama za matukio muhimu: 5
Namba ya kubadili sura ya maneno: 3
Uhakiki: 8

Hakuna biti iliyopotezwa bure. Mathalani, ngao zilikuwa za aina tatu. Ukiongeza hali ya kutokuwa na ngao, hupatikana hali nne, nazo zatosha katika biti 2. Ngazi ya shujaa haikuhifadhiwa kabisa, kwa sababu programu iliweza kuikokotoa kutokana na uzoefu. Wala mahali alipo hapakuhifadhiwa, kwani daima alianza tena mbele ya mfalme.

Hatari ya kosa moja

Ishara za "nu" na "me" katika hiragana zinafanana sana kwa umbo. Aliyekosea kunakili ishara moja aliweza kupoteza kazi ya siku nyingi. Hata hivyo, zile biti 8 za uhakiki zilikuwa na faida yake. Programu ilizikokotoa upya kutokana na biti nyingine; zisipolingana, maneno yalikataliwa. Kwa sababu biti 8 zina hali 256, maneno ya kubahatisha yangepita uhakiki huo takriban mara moja tu katika 256.

Mchezo wa pili, uliotolewa mwaka 1987, ulikuwa na mambo mengi zaidi, hata maneno yake yakafikia ishara 52. Katika mchezo wa tatu, wa mwaka 1988, kaseti iliwekewa betri ndogo ya kuilinda kumbukumbu, na mchezaji akapumzika kunakili.

Kanuni yenyewe, hata hivyo, haijapitwa na wakati. Tarakimu ya mwisho ya namba ya ISBN iliyo nyuma ya kitabu cha kiada hukokotolewa kutokana na zile zinazoitangulia, ili kosa la kunakili ligundulike. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: waorodheshe habari zote zinazohitajika ili kuendelea na mchezo wa bao uliokatizwa, kisha wahesabu biti zake. Watakaofanya vema ni wale watakaotambua habari ipi haina haja ya kuandikwa, kwa kuwa yaweza kukokotolewa kutokana na nyingine.