Je, Wajua? Tabora na Njia ya Wapagazi

Je, wajua kwamba tembe la Kwihara, linaloonyeshwa kwa wageni kama nyumba ya Livingstone, halikuwa lake? Lilikuwa la wafanyabiashara wa Kiarabu, kilomita chache kusini-magharibi mwa Tabora, na lililopo leo lilijengwa upya mwaka 1957. Stanley alifikia humo mwaka 1871 kabla ya kwenda Ujiji kumtafuta mzee, na Februari 1872 wakarudi wote wawili. Mwezi uliofuata Stanley akashika njia ya pwani. Livingstone akabaki Kwihara hadi Agosti, akingoja wapagazi aliosema atamletea. Msafiri mashuhuri wa Afrika alikwama miezi mitano kwa kukosa watu wa kumbebea mizigo!

Na wapagazi hao, je, wajua walivyofanya kazi? Wengi walikuwa Wanyamwezi, nao walikwenda kwa ujira, si kwa minyororo, ingawa watumwa nao walipitishwa katika njia hiyohiyo. Mtu mmoja alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32, na juu yake mkeka wake, sufuria na posho. Pembe ya ndovu ya kawaida ilikaa begani kwa mtu mmoja. Ile kubwa ilifungwa kwenye mti, wakaibeba wawili. Wabeba pembe walijiona mabwana wa msafara: walifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ili wasikike kabla hawajaonekana. Mbele alitembea kirangozi na bendera yake, na ole wake mpagazi aliyethubutu kumtangulia. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi, na kijana wa Unyamwezi ambaye hajaiona bahari hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Wengi waliondoka kiangazi baada ya mavuno, wakarudi kuwahi mvua za kulima.

Posta nayo ilipita njia hiyo. Stanley aliukuta Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, akaubeba mwenyewe hadi Ujiji. Mzee aliupokea mwaka mmoja baadaye. (Wanaolalamikia vifurushi vya leo wavute subira.)

Je, wajua kuwa Waarabu wa Tabora hawakuwa na amri ya peke yao? Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia ya Ujiji, na Agosti mwaka huohuo akauvamia mji wenyewe. Stanley alikuwapo, akaungana na Waarabu wakapigwa pamoja. Ndiyo maana alilazimika kuzungukia kusini ili afike Ujiji. Mtemi Isike wa Unyanyembe naye aliwasumbua Wajerumani hadi Januari 1893. Walipoingia ngomeni mwake, aliliwasha ghala la baruti akiwa ndani.

Je, wajua kwamba Tabora imewahi kutengeneza sarafu za dhahabu? Mwaka 1916, meli za Waingereza zikiwa zimeziba bahari, Wajerumani walipiga sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja una tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu wanazigombania. Septemba 19 mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo, liliuteka mji. Jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa cheo cha Baroni wa Tabora, na katikati ya Brussels upo mtaa unaoitwa Tabora hadi leo. Askari Wakongo hawakupewa mtaa.

Nyerere alisoma Tabora, akarudi kufundisha St. Mary's, na mwezi Januari 1958 akaushawishi mjini humohumo mkutano wa TANU ukubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ndio Uamuzi wa Busara.

Abiria wengi wanaijua Tabora kama stesheni tu, mahali treni zinapogawanyika, hii Kigoma, ile Mwanza. Shuka. Kwihara inafikika na kurudi siku hiyohiyo, na njiani utapita vijiji vyenye miembe mikubwa. Uliza asali ya miyombo, lakini onja kwanza kabla ya kulipa. Karibu na majengo ya Boma, omba ruhusa kabla ya kutoa kamera. Ukiwa na siku ya ziada, nenda Urambo kwa Mirambo.

Tangu mwaka 2006 njia hii, kuanzia Bagamoyo kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi Ujiji, imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya urithi wa dunia wa UNESCO. Kama babu wa babu yako aliwahi kubeba mzigo katika njia hiyo, liandike jina lake sasa, maana Livingstone na Stanley wana wa kuwaandikia.