Kunasa Maandishi ya Konsoli Baina ya Mashine Pepe

Makala haya yananuia kufafanua jinsi mashine pepe moja inavyonasa maandishi ya konsoli ya nyingine ndani ya tarakilishi kuu ya IBM. Kampuni hiyo ilitangaza mfumo wa VM/370 mwaka wa 1972. Mrithi wake ni z/VM. Humo, programu dhibiti iitwayo CP huifanya tarakilishi moja kuwa nyingi, kila moja ikiwa na kumbukumbu, diski, kisoma kadi na konsoli yake. Tumeteua ‘pepe’ badala ya ‘dhahania’ maadamu mashine hizi hutenda kazi halisi.

Aghalabu mashine zitoazo huduma huendeshwa pasi na mtu kuketi konsolini. Yasiponaswa, maandishi yatokayo wakati huo hupotea. Mashine ikikwama usiku wa manane, mhudumu atakayefika asubuhi hatakuwa na ushahidi wa kilichotokea.

Mbinu ya kwanza ni kuhifadhi. Amri ya SPOOL CONSOLE START TO, ikifuatwa na jina la mpokezi, huiagiza CP iweke kila mstari katika faili. Hata hivyo, faili hiyo haifiki katika kisoma kadi cha mpokezi hadi ifungwe kwa amri ya CLOSE CONSOLE. Hivyo basi, mbinu hii hufaa uchunguzi wa baadaye, si tahadhari ya papo hapo.

Ya pili ni SET SECUSER, ambayo huteua mtumiaji wa pili. Mashine iliyotenganishwa na konsoli yake hupeleka mistari kwake, kila mstari ukitanguliwa na jina la mashine ulikotoka. Naye huweza kujibu kwa amri ya SEND. Sharti awe ameingia mfumoni.

Ya tatu ni SET OBSERVER. Mwangalizi huona maandishi hata mwenye mashine akiwapo konsolini, lakini wadhifa huo haumpi haki ya kujibu.

Fauka ya hayo, mpokezi si lazima awe binadamu. Programu ya PROP hulinganisha ujumbe na jedwali lake, kisha huchukua hatua iliyoagizwa.

Kwa kuhitimisha, mbinu hizi hazishindani. Mtumiaji wa pili hutahadharisha, faili huhifadhi. Anayetegemea moja tu ama atachelewa kujua, ama atajua pasi na kumbukumbu ya kurejelea.