Misheni Moja Moja

Oya wanangu wa Masoko, Kivinje, Nangurukuru, Somanga mpaka Lindi mjini, leo naongelea gemu. Siyo FIFA, siyo GTA. Naongelea RuneScape, ile ya kitambo, watu wake wana sura za kona kona na bado ilitudatisha. Ilianzishwa na Andrew Gower na ndugu yake Paul kule Uingereza, mwaka 2001. Unaingia onlaini, unapewa mtu wako, unamkuza mwenyewe mdogo mdogo, na humo humo kuna maelfu ya watu wanahangaika na wa kwao.

Kwa madogo wengi wa Kilwa enzi hizo, kuicheza ilibidi usubiri likizo uende Dar kwa mjomba. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilishafunguliwa 2003, msala wa kusubiri pantoni Ndundu ukaisha, ila kipande cha Ndundu hadi Somanga mvua ikinyesha kilikuwa noma. Ukifika Kariakoo, jero mkononi, unazama intaneti kafe.

Na intaneti yenyewe ilikuwa ya setilaiti, inasuasua kinoma. Mkongo wa baharini wa SEACOM umekuja kufika Dar 2009, EASSy ikafuata 2010. Magemu mengi ya onlaini yalikuwa yanafia hapo. RuneScape ilikomaa kwa sababu ilikuwa inachezeka ndani ya brauza kwa Java, hukuhitaji CD wala kumbembeleza mwenye kafe akuruhusu kuweka programu. Halafu seva yake inahesabu mambo kila baada ya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao ukichelewa kidogo, mti wako unaendelea kukatwa tu.

Mimi mtoto wa pwani nilikamatwa na uvuvi. Unaanza na wavu mdogo, unavua kamba. Levo ikipanda unaruhusiwa dema, unaenda kisiwa cha Karamja kuvua kambakoche, unawapika, unauza. Kila samaki anakuongezea pointi na unaziona hapo hapo. Kufika levo 99 kwenye fani moja zinatakiwa pointi 13,034,431, na nusu ya safari ni levo 92. Washkaji wengine walikuwa wanakata tamaa mapema. Mimi ningekaa hapo mpaka kafe inafungwa.

Misheni nazo zilikuwa zimepangika. Mpishi wa kasri ya Lumbridge anataka kuoka keki, hana yai, hana maziwa, hana unga. Vitu vitatu, nenda katafute. Kwenye orodha, misheni ambayo hujaigusa ina rangi nyekundu, uliyoianza njano, uliyomaliza kijani. Ukiangalia tu unajua uko wapi na kinachofuata ni nini.

Skuli sikuwahi kukiona kitu kama hicho, na nilikihitaji kuliko wenzangu, kwa sababu nina ADHD. Nimekuja kuambiwa na daktari nikiwa mtu mzima. Ni hali ya ubongo, inatembea sana kwenye ukoo, dalili zinaanza utotoni kabla ya miaka 12, na kwa wengi haziishi ukubwani. Siyo jini. Siyo uvivu, wala bi mkubwa hakukosea malezi. Wapo ambao hawakai kitini, na wapo waliotulia kimya darasani huku akili imeshafika Songosongo na kurudi. Unasahau, unakurupuka, unashindwa kuchagua kipi kianze, na saa mbili zinapita ukidhani ni dakika kumi.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba mtoto huyo huyo akipata kitu kilichomkamata, anazama masaa bila kusikia njaa. Basi wanasema anafanya makusudi, mbona kwenye gemu anatulia? Siyo makusudi. Gemu inamjibu papo hapo, hatua kwa hatua. Daftari la historia linamlipa baada ya miezi, siku ya mtihani, na ubongo wa namna hii hauwezi kusubiri malipo ya mbali hivyo.

Sasa hivi mishe zangu naziendesha kwa staili ya RuneScape. Ni fundi simu hapa Masoko. Simu ikiingia kibandani inabandikwa kikaratasi mgongoni: nyekundu, njano au kijani. Mezani inakaa moja, zilizobaki ziko kwenye droo, maana nikiziona zote nitazifungua zote. Bando langu linazimwa mpaka ya mezani iwake. Na jirani yangu muuza chipsi kila mchana anapita na swali moja: "Oya, umefikia wapi?" Hanikoromei, hanipi somo. Zamani kwenye RuneScape tulikuwa tunasubiriana masela wote ndipo tuingie Wilderness, pori la hatari la humo, na mtu ukijua unasubiriwa, unanyanyuka.

Wala mtindo huu siyo wa kizungu. Waangalie akina mama wa pweza. Bamvua likifika, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakipwa wanatoka kundi zima kwenda mwambani. Hakuna wa kusema "nitaenda baadaye", baadaye maji yamejaa. Kazi ina mwanzo na mwisho unaoonekana kwa macho, na mwenzako anakugongea mlango. Kichwa kama changu kinafanya kazi vizuri sana hapo.

Hapa naomba tusikilizane. Juni 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu gemu inayoitwa EndeavorRx itolewe kwa cheti cha daktari kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye ADHD, ikisaidiana na tiba nyingine. Hiyo ni gemu moja, iliyofanyiwa majaribio. Dubwi la stendi siyo tiba. Wenye ADHD tunakurupuka kirahisi, na tafiti zinaonyesha tuna hatari kubwa zaidi ya kunasa kwenye kamari. Kwa hiyo mkeka, dubwi na magemu ya simu yanayouza maboksi ya bahati, mwana, sisi tukae mbali navyo kabisa.

RuneScape yenyewe ilipobadilishwa sana, wachezaji walikaza. Zikapigwa kura karibu 450,000, na Februari 2013 kampuni ya Jagex ikairudisha kama ilivyokuwa Agosti 2007. Oktoba 2018 ikaingia kwenye simu, na leo unamvua kambakoche wako ukiwa umekaa Kivinje. Mwaka huo huo gemu ya Civilization VI ikaiweka Kilwa Kisiwani kati ya maajabu ambayo mchezaji anayajenga. Natamani dogo wa hapa atengeneze gemu ya kwetu: unaanza mchukuzi bandarini, unapanda levo mpaka dhahabu ya Sofala ipite mikononi mwako, na mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta anashuka chomboni, anakupa misheni. Hiyo ningeicheza mpaka 99.

Wazazi wangu, na nyie masela mnaojiona humu: ADHD inapimwa kwa mahojiano na historia ya mtu, na inatibika. Dawa zipo, kama methylphenidate, lakini ni za kuandikiwa na daktari, siyo za kununua kwa mshkaji. Anzia Kinyonga, hospitali ya wilaya pale Kivinje, au Sokoine Lindi mjini. Uliza huduma ya afya ya akili, ikibidi omba rufaa mpaka Muhimbili. Andika unayoyaona kwa mtoto, ya nyumbani na ya skuli, uende nayo, kwa sababu daktari atakuuliza hayo hayo. Na fimbo iweke chini.