Jagi la Wiski, Limau na Nanaa: Kipimo Kiko Wapi?

JOTO la adhuhuri kule Katelembo, nje kidogo ya mji wa Machakos, humfanya mtu atamani chochote kilicho baridi. Kwa hivyo sikushangaa, Jumamosi moja nilipoalikwa na rafiki yangu kuona nyumba yake mpya, kukuta mezani jagi kubwa lenye maji ya limau, vipande vya machungwa, majani ya nanaa na barafu.

"Onja, daktari. Hii si pombe, ni juisi iliyotiwa nguvu kidogo tu," aliniambia.

Nilimwuliza ametia wiski kiasi gani. Akacheka, akaniinulia chupa ya mililita 750 ambayo ilikuwa imebaki na kama mililita 100 hivi. Jagi lile lilijaza glasi nane. Hebu piga hesabu nami, msomaji: kila glasi ilikuwa na mililita 80 za wiski, karibu toti tatu za mililita 30. Wiski huwa na asilimia 40 ya pombe. Basi glasi moja ya "juisi" ile ilikuwa na pombe kushinda chupa ya bia ya nusu lita, na ilinyweka kwa dakika tano.

Nyama ilikuwa bado iko motoni. Mnajua jinsi mambo haya yalivyo: unaalikwa chakula cha saa saba, nyama inaiva saa kumi. Shemeji yake mwenye nyumba, mama anayeugua kisukari, alikuwa amejidunga insulini yake asubuhi na tangu wakati huo hakuwa amekula kitu cha maana. Alikunywa glasi mbili. Muda si muda alianza kutokwa na jasho, mikono ikamtetemeka, maneno yakawa hayaeleweki.

"Amelewa huyo. Mpelekeni chumbani alale," mtu mmoja akasema, na wengine wakacheka.

Nilikwenda garini kuchukua mashine yangu ya kupimia sukari. Ilionyesha 2.4, ilhali mtu wa kisukari akishuka chini ya 4 tayari yuko hatarini. Kwa bahati bado aliweza kumeza. Tulimpa soda ya kawaida, ile yenye sukari, na baada ya robo saa akaanza kututambua. Kisha akala chapati mbili tukimtazama. Kama angeachwa alale, huenda tungemkuta amezirai, au asingeamka kabisa.

Jambo hili linahitaji kuelezwa, maana wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa. Mtu asipokula kwa saa kadhaa, ini ndilo linalotengeneza sukari na kuimwaga katika damu. Pombe hulizuia ini kufanya kazi hiyo. Anayetumia insulini, au tembe za kisukari kama glibenklamidi, anakuwa amebanwa pande mbili: dawa inashusha sukari, na ini halina uwezo wa kuipandisha. Asali au maji ya machungwa yaliyomo katika glasi husaidia kwa muda mfupi tu, lakini pombe huendelea kwa saa nyingi, hata usiku mtu akiwa usingizini. Dalili zake hufanana kabisa na za ulevi. Kwa hivyo mwenye kisukari "akilewa" upesi kuliko wenzake, mpimeni au mpeni kitu chenye sukari kwanza. Na kama hawezi kumeza, msimtilie chochote kinywani. Mkimbizeni hospitali.

Nadhani jina nalo limetuponza. Hapa Kenya tuna kinywaji kiitwacho dawa, cha vodka, ndimu na asali, kilichopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi. Tuna pia dawa nyingine, ile ya moto ya limau, tangawizi na asali, ambayo kila mkahawa huuza wakati wa mafua. Siku hizi watu wanatia wiski katika hiyo ya pili na kuniapia kuwa inaponya kifua. Limau lina sifa zake: mwaka 1747 daktari James Lind aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, wakapona ugonjwa wa fizi kutoka damu. Nanaa nayo hutuliza tumbo kwa wengine. Lakini wiski haitibu mafua. Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa hakina hatari yoyote kwa afya.

Basi, wewe ambaye utakunywa hata hivyo, nikufundishe kukichanganya vizuri. Siri ni moja: wiski isiingie katika jagi. Tengeneza jagi la limau na nanaa peke yake, kisha kila mtu atiwe wiski katika glasi yake, kwa kipimo, akitaka. Kwa njia hiyo mjamzito, dereva, mlokole na watoto wanakunywa kutoka jagi lile lile bila maneno. Mtoto atakayefungua friji usiku na kukuta masalio hatakunywa pombe akidhani ni juisi. Watoto wadogo nao hushuka sukari vibaya wakinywa pombe, hata kidogo.

Kwa glasi moja, chukua majani sita au manane ya nanaa. Yaoshe vizuri kwa maji safi yanayotiririka, hasa ikiwa umeyanunua sokoni na hujui yalinyunyiziwa maji gani. Yakandamize kidogo tu kwa kijiko pamoja na kijiko cha chai cha asali. Ukiyaponda sana yanakuwa machungu. Kamulia nusu ya limau na nusu ya chungwa. Weka barafu iliyotokana na maji yaliyochemshwa, kwani wiski haiwezi kutegemewa kuua vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo. Sasa pima mililita 30 za wiski. Usitumie macho. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi kina alama za mililita, nacho kinafaa sana. Malizia kwa maji ya soda. Osha mikono kabla ya kutoka juani, maana maji ya limau au ndimu yakikauka juu ya ngozi kwenye jua kali huweza kuibabua kama moto.

Kula kwanza. Anayemeza metronidazoli, ambayo wengi huiita Flagyl, asubiri amalize dozi na siku tatu zaidi. Dawa za usingizi na za kifafa pia hazipatani na pombe. Na anayerudi Nairobi usiku kwa gari lake anywe ya jagi tu.

Lipo neno moja zaidi, na watu wa Machakos hawahitaji kukumbushwa. Mwaka 2005 watu zaidi ya 40 walikufa katika eneo hili baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Limau na nanaa huficha ladha mbaya, lakini haziondoi sumu. Ukiuziwa wiski kwa bei ya kushangaza, au chupa haina stempu ya ushuru, au kifuniko kinaonekana kilishafunguliwa, iache huko huko.

Methanoli haina haraka. Mtu anaweza kulala vizuri, akaamka kesho yake na kichwa kinachogonga, tumbo linalouma, kutapika, na ukungu machoni. Hapo si suala la supu wala maji ya limau. Anahitaji hospitali saa ile ile, kwa kuwa matibabu yapo na macho yanaweza kuokolewa. Bebeni na chupa yenyewe, hata kama imebaki na tone moja, na waliokunywa naye waende pia, hata wakisema hawaumwi.