Pima Mapigo ya Moyo Kabla ya Kuongeza Mwendo

Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza ya mafunzo kwamba kujikaza ni wajibu. Fundisho hilo ni jema, lakini lina hatari kwa mtu aliyekwisha kukaa ofisini au lindoni miaka kumi na mitano. Akisikia kwamba siku ya kupimwa afya na nguvu imekaribia, huichukua baiskeli na kuikimbiza mlimani kana kwamba angali kuruta. Nia anayo, ila moyo wake umekwisha kusahau kazi hiyo.

Kwa mtu wa namna hii, kifaa cha kupimia mapigo ya moyo, hata kile cha bei nafuu, chaweza kuwa na manufaa makubwa. Manufaa hayo si kumhimiza aende mbio zaidi, bali kumwonyesha ni wakati gani apunguze mwendo.

Vifaa hivi si vipya. Mwaka 1977 Mfini mmoja, Seppo Säynäjäkangas, alianzisha kampuni ya Polar huko Kempele, nchini Ufini. Na mwaka 1982 kampuni hiyo ikatoa kifaa cha kuvaliwa kisichohitaji waya kati ya mkanda wa kifuani na saa ya mkononi. Siku hizo vilikuwa vya wanamichezo wakubwa. Leo vinatengenezwa na viwanda vingi, na vya bei ndogo hupatikana madukani.

Viko vya aina mbili. Mkanda wa kifuani husikia umeme mdogo utokao moyoni, nao ndio wa kuaminika zaidi kwa mpanda baiskeli. Ulowanishe kwa maji kabla ya kuuvaa, uukaze chini kidogo ya matiti, na ukimaliza uusuuze jasho lote. Saa ya mkononi hutumia mwanga wa kijani kutazama damu ipitavyo chini ya ngozi. Hiyo yaweza kukosea mkono unapotikisika au unapokunjwa kwenye usukani. Kwa hiyo ivae juu kidogo ya kifundo, wala isilegee.

Kabla ya kukiamini kifaa chako, kipime. Keti kimya dakika tano, weka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha uzidishe kwa mbili. Hesabu yako na ya kifaa zikikaribiana sana, umenunua vema. Na asiye na fedha ya kununua asihuzunike: vidole hivyo viwili na saa ya ukutani vyatosha kuanzia.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kanuni ya zamani yasema utoe umri wako katika 220, upate kiasi cha juu cha mapigo kwa dakika. Mtu wa miaka 40 atapata 180. Hayo ni makadirio tu, kwani watu wa umri mmoja waweza kutofautiana kwa mapigo kumi au zaidi. Mazoezi ya wastani ni kati ya asilimia 64 na 76 ya kiasi hicho, yaani kati ya mapigo 115 na 137 kwa mtu huyo. Katika mwendo huo mtu aweza kuzungumza na mwenziwe, lakini hawezi kuimba.

Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Basi anayerudi mazoezini aanze na nusu saa, siku tano, kwenye barabara tambarare. Tarakimu ikipanda kupita mpaka, apunguze mwendo, hata kama mwenziwe anampita. Jua kali na upungufu wa maji huyapandisha mapigo ingawa mwendo ni ule ule. Hiyo ni sababu nyingine ya kutii kifaa kuliko fahari. Baada ya majuma kadhaa ataona kwamba mlima uliompandisha hadi 150 sasa waupanda kwa mapigo machache zaidi. Huo ndio ushahidi wa kwamba moyo umepata nguvu.

Nyumbani nako kifaa hiki kina kazi. Kila mwenye kufanya mazoezi, baba au mama, apime mapigo asubuhi kabla hajatoka kitandani, na kuyaandika. Yakizidi kawaida yake kwa siku kadhaa, huenda ni uchovu, kukosa usingizi, au homa inayoanza. Siku hiyo baiskeli ibaki ndani.

Hata hivyo, kifaa si daktari. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza mapigo, hivyo kanuni ya 220 haimfai azitumiaye. Mja mzito naye amwulize mkunga wake kwanza. Na yeyote apatwaye na maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, asimame papo hapo na kupelekwa hospitali, hata kama tarakimu mkononi ni nzuri.

Ndugu askari, kustahimili ni sifa yako. Lakini familia yako yakuhitaji miaka mingi baada ya kuvua sare. Jikaze kwa kipimo.