Kuvika Ukuta wa Nje kwa Mbao za PVC: Nafasi ya Kutanuka na Njia ya Maji

Mbao za PVC zenye sura ya mti ni vipande virefu vya plastiki ngumu, vilivyotiwa mistari, mafundo na rangi za mbao halisi kama mninga au mvule, ambavyo hupangwa juu ya ukuta wa nje wa nyumba ili kuupamba na kuukinga dhidi ya mvua. Haziliwi na mchwa, haziozi wala hazidai vanishi mara kwa mara, na humpa mwenye nyumba sura ya mbao bila kukatwa kwa mti uliochukua miongo mingi kukomaa. Hata hivyo, sifa hizo ni za ubao wenyewe, si za ukuta uliovikwa. Ukuta hufaidika iwapo tu fundi amezingatia mambo mawili yasiyoonekana siku kazi inapokabidhiwa: plastiki hutanuka na kusinyaa kila siku, na maji yanayopenya nyuma yake hayana budi kupata pa kutokea.

PVC, yaani polivinili kloridi, hutengenezwa kwa malighafi mbili, ambazo ni chumvi na mafuta ya petroli au gesi asilia. Klorini itokanayo na chumvi huchangia takriban asilimia 57 ya uzito wake. Kwa kazi za nje hutumika aina isiyotiwa vilainishi, ambayo hubaki ngumu, na huongezewa viambato vya kuikinga dhidi ya mionzi ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho ambayo huvunja minyororo ya plastiki, ikaifanya ibadilike rangi, ikauke na kupasuka. Kwa hiyo vibao vyembamba vya PVC vinavyouzwa kwa ajili ya dari za ndani havifai kupigwa ukutani nje, hata vikifanana kwa rangi, kwa kuwa havikuandaliwa kustahimili miaka ya jua kali. Mnunuzi anapaswa kudai maelezo ya maandishi ya mtengenezaji yanayothibitisha kwamba bidhaa ni ya matumizi ya nje, pamoja na masharti ya dhamana yake.

Kazi huanzia kwenye ukuta kabla ya ubao. Ukuta wa matofali ya saruji unaovuja, au unaonyonya maji ya ardhini kwa kukosa tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi, hauponi kwa kufunikwa. Unyevu huendelea kupanda, chumvichumvi hubandua lipu, na kuvu huota mahali ambapo hakuna anayeona. Ni lazima chanzo cha maji kizibwe kwanza, nyufa zitengenezwe, na ukuta uachwe ukauke. Tahadhari kubwa zaidi inahitajika kwa nyumba za kale za pwani, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, ambazo kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza unyevu na kuutoa hewani kupitia uso wake. Kuzifunika kwa plastiki ni kuuziba uso huo, na katika miji hiyo, ambayo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia, mabadiliko ya sura ya jengo huhitaji pia kibali cha mamlaka za uhifadhi. Kwa nyumba za namna hiyo, lipu ya chokaa bado ndiyo kinga ifaayo.

Ukuta ukishakauka, hupigwa papi, yaani mbao nyembamba zinazobeba mbao za PVC na kuacha uwazi wa hewa wa takriban milimita 25 au zaidi kati ya plastiki na ukuta. Papi zinatakiwa ziwe zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa na ukungu, kwa maana mchwa asiyeweza kula plastiki atakula kile kinachoishikilia. Mbao za PVC zikilazwa, papi husimamishwa wima ili hewa ipande na maji yashuke bila kizuizi; zikisimamishwa, papi za kulala peke yake zingeziba njia hiyo, hivyo chini yake hutangulizwa safu nyingine ya papi za wima. Umbali kati ya papi kwa kawaida huwa milimita 400 hadi 600 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, na penye upepo mkali wa bahari ni busara kuchagua umbali mdogo. Papi zote hupimwa kwa timazi na pima maji, kwa kuwa kasoro ya papi moja hujitokeza kama wimbi kwenye uso mzima. Uwazi huachwa wazi chini na juu, ukifunikwa kwa wavu wa kuzuia wadudu na panya, na ubao wa chini kabisa huanzia angalau milimita 150 juu ya ardhi ili usirushiwe matope ya mvua.

Sehemu inayowashinda mafundi wengi ni kutanuka kwa plastiki. Kila mita ya PVC ngumu huongezeka urefu kwa takriban milimita 0.06 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ilhali mti, ukipimwa kwa kufuata urefu wa nyuzi zake, hauongezeki hata kwa sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Ubao wa rangi nzito ulio kwenye ukuta unaotazama magharibi unaweza kufikia nyuzi 60 au zaidi alasiri, kisha ukarudi kwenye nyuzi 20 na kitu alfajiri. Ubao wa mita 5 ukipitia tofauti ya nyuzi 40 hubadilika urefu kwa takriban milimita 12. Ukibanwa pande zote hauna pa kwenda, hivyo hubenuka, huvunja kingo zake au hung'oa misumari. Kwa hiyo huachwa nafasi ya milimita 5 hadi 10 kila ncha, na nafasi hiyo hufichwa ndani ya vipande maalumu vya pembeni na vya maungio. Mbao huhifadhiwa kivulini na kukatwa humo, kwa sababu ubao uliopimwa ukiwa na joto la jua husinyaa usiku na kuacha mwanya.

Kanuni hiyohiyo huongoza upigaji wa misumari. Ukingo wa ubao unapokuwa na matundu marefu, msumari au skrubu huwekwa katikati ya tundu na haukazwi hadi mwisho, ili ubao uweze kuteleza. Tundu la katikati ya ubao pekee ndilo linaloweza kukazwa, na kwa njia hiyo mtanuko hugawanyika sawa kwa ncha zote mbili. Pwani, misumari ya kawaida huliwa na kutu ya hewa ya chumvi na kuchora michirizi ya rangi ya kahawia ukutani, na kwa sababu hiyo inafaa kutumia chuma cha pua, hasa daraja la 316 lenye molibdeni. Juu ya madirisha na milango huwekwa bati jembamba lililokunjwa, ambalo hutoa nje maji yanayoshuka nyuma ya mbao. Silikoni haiwezi kushika nafasi ya bati hilo, kwani huachia baada ya muda.

Suala la moto halipaswi kupuuzwa. Kwa sababu ya klorini yake, PVC ngumu haishiki moto kwa wepesi, na mara nyingi mwali huzimika chanzo kikiondolewa. Lakini inapoungua hutoa moshi wenye kloridi ya hidrojeni, gesi inayoumiza macho na mapafu, na uwazi ulio nyuma yake unaweza kupandisha moto kama dohani. Nchini Uingereza, baada ya moto wa jengo la Grenfell mjini London mwaka 2017 kuua watu 72, kanuni za mwaka 2018 zilipiga marufuku vitu vinavyoungua katika kuta za nje za majengo mapya ya makazi yenye ghorofa iliyo mita 18 au zaidi kutoka ardhini. Mabamba ya Grenfell yalikuwa ya alumini yenye kiini cha polithini, si PVC, lakini funzo kuhusu njia za moto ukutani linahusu aina zote za mavazi ya ukuta. Katika nyumba ya ghorofa, uwazi hukatizwa kwa vizuizi vinavyopitisha hewa siku zote na kufura vinapopata joto. Nyumba ya chini nayo isiwekewe jiko la mkaa wala bomba la moshi la jenereta karibu na mbao, kwani PVC hulainika inapokaribia nyuzi 80.

Kazi ikishakamilika, utunzaji ni mwepesi: maji, sabuni laini na kitambaa, bila viyeyushi kama petroli na tina, ambavyo vinaweza kuharibu uso wa rangi. Ukaguzi wenye thamani zaidi ni ule wa kabla ya malipo ya mwisho, na hauhitaji utaalamu. Mwenye nyumba ajaribu kusogeza ubao mmoja kwa mkono kufuata urefu wake ili aone kama unateleza kidogo, achungulie chini ya ukuta kuhakikisha njia ya hewa ina wavu na haikuzibwa kwa saruji, kisha amwagie maji juu ya dirisha aone yanatokea wapi. Kasoro inayogunduliwa siku hiyo hurekebishwa na fundi akiwa bado yupo kazini, wakati ile inayogunduliwa baada ya masika humlazimu mwenye nyumba kubomoa na kulipia kazi upya.