Njumu za Pembe na Namna ya Kuzimalizia

Miongoni mwa Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Norway, Uswidi na Ufini, mpini wa kisu mara nyingi hutengenezwa kwa mti wa betula na kutiwa njumu, yaani vipande vya pembe ya reinidia vilivyopachikwa hadi vikawa sawa na uso wa mti. Pembe hiyo si kama ya ng'ombe: ni mfupa, ambao mnyama huuangusha na kuuotesha upya kila mwaka, nao una gamba gumu kwa nje na kiini chenye vitundu kama sifongo.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua umaliziaji. Gamba likisuguliwa kwa msasa wa namba 400, kisha 800, hata 1500, hung'aa lenyewe, likahitaji nta kidogo tu. Kiini hunywa mafuta, jasho na vumbi la mti, kikabaki na madoa yasiyotoka, hivyo hufaa kuzibwa kwanza kwa gundi nyepesi ya kukauka haraka. Mafuta ya kitani, yanayoupendeza mti, huipa pembe umanjano, jambo ambalo wengine hulipenda. Vanishi nzito huifanya ionekane kama plastiki, na hapo kazi yote ya fundi huwa imepotea bure.

Penye nakshi, unga wa gamba la mti wa alda husuguliwa ndani ya mikwaruzo, ukaacha mistari ya kahawia nyekundu. Vumbi la pembe, lenye harufu ya jino linalokerezwa na daktari, halifai kuvutwa, kwa hiyo barakoa ni lazima.